Siku 90 za Washington, siku 90 za maharagi

Kuna hesabu moja ambayo kila mkulima wa Nyantende anaijua bila kupitia fakilte yoyote. Maharagi mafupi, yale yasiyopanda kwenye miti, unayapanda leo, kisha miezi 3 hivi unavuna. Siku 80, siku 90, inategemea aina ya mbegu, mvua na urefu wa mlima. Mkataba wa amani kati ya Kongo na Rwanda, uliosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025, nao ulitumia hesabu hiyohiyo. Uliweka siku 30 za kuunda chombo cha pamoja cha kufuatilia usalama. Uliweka siku 90 za kuanzisha mpango wa ushirikiano wa kiuchumi wa kanda. Tena ulibeba ndani yake ule mpango wa operesheni wa Oktoba 2024, nao wa siku 90, wa kuvunja nguvu za FDLR na wa Rwanda kuondoa kile inachokiita hatua zake za kujilinda.

Tuhesabu pamoja. Kutoka 27 Juni, siku 90 zinaisha tarehe 25 Septemba. Kwetu hiyo njo wiki ya jembe, mwanzo wa msimu A. Siku ile watu walikuwa mashambani wakipanda, na mkataba wa Washington haujatoa hata ua. Mpango wa kiuchumi wenyewe ulisainiwa tarehe 4 Desemba, mbele ya marais wote wawili na Rais Donald Trump. Ni siku 160. Na siku chache baada ya saini hiyo, vita ikafika Uvira.

Bandugu na badada wa chama chetu, wa promosyo zote, sitaandika hapa juu ya nani mubaya na nani muzuri. Hiyo mnaisoma kila siku kwenye simu. Nataka kufanya kazi ambayo tulifundishwa kwenye lisanse ya agronomia: kuchukua protokole, kuisoma mstari kwa mstari, na kuuliza kama shamba lililoandikwa hivi linaweza kutoa mavuno. Wanasemaka tembo wakipigana, nyasi njo zinaumia. Mimi lisanse yangu ni ya nyasi, basi mniruhusu niseme kidogo.

Hoja yangu ni hii. Diplomasia ya Kongo inajua kushinda kwenye meza, na inajua kusaini. Inachoshindwa ni kutunza kile ilichosaini. Kila msimu inaleta mbegu mpya kutoka mbali na kuitupa kwenye shamba lile lile, huku mimea ya zamani ikifunikwa na magugu. Na vitu vichache tulivyowahi kusaini na jirani vikadumu, viko hapa chini kwetu kwenye Ruzizi. Hakuna anayevitaja.

Tuanze na haki ya serkali, juu ukosoaji bila haki ni matusi tu.

Kinshasa imepata ushindi wa kweli. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye, ilisema Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwenye ardhi yetu, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, kwa awamu 5 za milioni 65. Tarehe 21 Februari 2025, siku chache tu kisha Bukavu kuanguka, Baraza la Usalama la ONU lilipitisha kwa kura zote azimio namba 2773. Azimio hilo lilitaja jeshi la Rwanda kwa jina, likalitaka liache kuisaidia M23 na litoke Kongo. Kigali inakana, inasema inajilinda na FDLR. Lakini nchi zote 15 za Baraza zilinyoosha mkono. Mwezi wa 6 mwaka huohuo Kongo ikachaguliwa kuingia Baraza la Usalama kwa miaka 2026 na 2027. Mtu asiseme kwamba hatuna wanadiplomasia. Tunao.

Lakini uliza mama anayeuza maharagi kwa guigoz hapa barabarani kwenda Nyangezi, azimio 2773 limebadilisha nini kwenye kikapu chake. Benki za Bukavu zilifunga milango Februari 2025. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa pia. Azimio ni kama matokeo ya maabara yanayosema udongo wako umekosa fosforo. Ni ukweli, ni muhimu kuwa nao kwenye karatasi. Lakini karatasi haiwekwi kwenye shimo la mbegu.

Sasa tuingie kwenye mkataba wenyewe. Mimi niliusoma kwa Kifaransa. Una mambo mazuri: heshima ya mipaka, kuacha uhasama, kurudi kwa wakimbizi na waliohama makwao, kupitisha misaada. Kama ungekuwa karatasi ya mwanafunzi, lengo la jumla lingepata alama nzuri. Shida inaanza kwenye metodolojia. Naona kasoro tatu.

Ya kwanza ni mpangilio wa kazi. Katika protokole yoyote ya shamba unaandika: kwanza unalima, kisha unapanda, kisha unapalilia, na kwa kila kazi unaandika nani. Hapa kuna kazi mbili kubwa: Kongo kuvunja nguvu za FDLR, na Rwanda kuondoa hatua zake. Kigali inasisitiza FDLR kwanza. Kinshasa inasisitiza askari watoke kwanza. Kwenye karatasi kazi hizo zinatembea pamoja, lakini kwenye uwanja kila mmoja amekaa kwenye mwisho wake wa mtaro akimungojea mwenzake aanze. Tumeona vikundi vya kazi vya namna hiyo. Saa sita inafika, hakuna hata mtaro mmoja umelimwa, na kila mmoja ana sababu.

Ya pili ni yule asiyekuwepo. Waliosaini Washington ni serkali mbili, kupitia mawaziri wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe. Wanaoshika Bukavu, AFC/M23, hawakuwa kwenye meza ile. Meza yao iko Doha. Huko tarehe 19 Julai 2025 wakasaini tamko la misingi na serkali yetu, lililosema mkataba kamili upatikane si zaidi ya tarehe 18 Agosti. Tarehe 18 Agosti ikapita. Tarehe 15 Novemba wakasaini tena hati nyingine, ya mfumo, yenye protokole 8 za kujadiliwa moja moja. Meza mbili, kalenda mbili, na shamba ni moja. Mtu wa Nyantende anaishi ndani ya mikataba yote miwili kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja unaomwambia kama msimu ujao atapanda kwa utulivu.

Ya tatu ni kipimo. Tulifundishwa kwamba lengo lisilopimika si lengo, ni matakwa. Mkataba una vyombo: kamati ya uangalizi, chombo cha usalama. Vyombo hivyo vinapima nini? Ripoti za majeshi, mikutano iliyofanyika, tangazo la mwisho la kila mkutano. Sikuona kipimo hata kimoja ambacho mkulima angeweza kukikagua mwenyewe kwa macho yake: barabara imefunguliwa, soko limerudi, watu wamelima mashamba waliyoyaacha.

Wengine watasema kasoro hizi ni za mkataba huu tu, juu uliandikwa mbio. Hapana. Angalieni orodha. Lusaka, 10 Julai 1999. Pretoria na Rwanda, 30 Julai 2002. Luanda na Uganda, 6 Septemba 2002. Nairobi na Rwanda juu ya FDLR, 9 Novemba 2007. Goma na CNDP, 23 Machi 2009. Addis-Abeba, 24 Februari 2013, nchi 11 zikasaini. Nairobi na M23, 12 Desemba 2013. Mimi niko chini ya miaka 30, na karibu hati hizi zote zimesainiwa katika uhai wangu. Kila moja ilizaa kamati yake, kifupisho chake, gari zake za 4x4. Hakuna iliyoanza kwa kuuliza: ile ya kabla yetu ilikufa kwa ugonjwa gani? Shamba likikosa mavuno mara saba, agronoma anachimba shimo na kuangalia mizizi. Hawezi kubadilisha tu jina la mbegu.

Na si karatasi peke yake tunayobadilisha. Tunabadilisha mpaka marafiki. Tarehe 8 Aprili 2022 tulisaini Nairobi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Novemba mwaka huo majeshi ya Jumuiya yakaja Goma. Desemba 2023 tukayarudisha makwao, tukaita ya SADC. Machi 2025 SADC nayo ikafunga kazi yake, Goma na Bukavu zikiwa zimekwisha kuanguka. Inawezekana Kinshasa ilikuwa na sababu zake kila mara. Lakini jirani anayetazama anasoma kitu kimoja: hawa watu hawakai na chombo kimoja hata misimu minne.

Sasa mniruhusu niwateremshe kidogo, kutoka vilima vyetu mpaka kwenye mto.

Upande wa Mumosho, kwenye mpaka wenyewe na Rwanda, kuna kituo cha umeme cha Ruzizi II. Kilianza kazi mwaka 1989, megawati kama 44. Kinaendeshwa na kampuni inayoitwa SINELAC, yenye makao yake Bukavu, na mali yake ni ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. SINELAC ni mtoto wa CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makubwa, iliyoundwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976.

Waliosaini siku ile ni Mobutu, Habyarimana na Micombero. Hakuna kati yao aliyekuwa mtakatifu, na wote watatu walipata kiti kwa kupindua. Tena wiki 6 baadaye Micombero mwenyewe akapinduliwa. Lakini chombo hakikufa na mtu. Kilizaa shirika la nishati, benki ya maendeleo iliyowekwa Goma, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo iliyowekwa Gitega, na karatasi ya kusafiria ambayo wazazi wetu waliijua kwa mkono: CEPGL ya kwenda Cyangugu na Bujumbura. Kisha 1994 kila kitu kikalala. Mwaka 2007 wakaiamsha, ikafungua jicho moja, ikalala tena.

Ruzizi II haikulala. Ilipita vita ya 1996, ikapita ya 1998, ikapita 2004. Oktoba 2022 Kinshasa ilimfukuza balozi wa Rwanda. Januari 2025 tukavunja uhusiano wa kidiplomasia. Katika miaka hiyo yote maji ya Ruzizi yaliendelea kuzungusha mashine ambazo ni za nchi tatu kwa pamoja. Hakuna rais aliyepigia picha kitu hicho. Kituo kina matatizo yake, najua: mitambo imezeeka, madeni ya mashirika ya umeme ni wimbo wa miaka mingi, mto unabeba plastiki ya miji na udongo wa milima yetu isiyo na matuta wala miti. Na nyumba nyingi hapa kwetu zinawaka kwa paneli ndogo na tochi wakati nyaya zinapita juu ya mashamba. Sitaki kuipamba.

Juu ya nini basi imedumu? Kwa maoni yangu, juu ina mambo matatu ambayo mikataba mikubwa haina. Ina kitu kinachoonekana cha kulinda pamoja. Ina mafundi wanaojuana, wanaopigiana simu hata kama wakubwa wao hawasemezani. Na ina hasara ya papo hapo: anayekiharibu anajizimia taa mwenyewe. Diplomasia ya namna hiyo haihitaji upendo. Inahitaji matengenezo.

Mtoto mwingine wa CEPGL ananigusa zaidi, juu ni wa kazi yangu. Ile taasisi ya Gitega inaitwa IRAZ, iliundwa 1979. Kazi yake ilikuwa utafiti wa kilimo na mifugo kwa nchi tatu pamoja, na ilikuwa na mkusanyo wa aina za migomba ya kanda hii. Nani kati yenu wa fakilte ya agronomia aliwahi kutumwa huko kwa stage? Katika promosyo yangu hakuna hata mmoja.

Angalieni sasa gharama ya kuiacha ilale. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, ule ambao jirani zetu wa Rwanda wanauita kirabiranya, ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, na kwetu Kongo ulionekana Masisi katika mwaka huohuo. Baadaye ukateremka mpaka Kivu ya Kusini. Haukuonyesha jeto kwenye mpaka. Ulipita na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, ukapita na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likaenda kukata mzima. Dawa ya kunyunyiza haipo. Kinachosaidia ni kuvunja ua dume mapema kwa mti wenye panda, kusafisha panga kwa moto au kwa javeli, na kung'oa shina gonjwa. Lakini hii inafanya kazi tu kama kilima chote kinaifanya, na kilima cha ng'ambo pia. Mimi nikisafisha panga langu Nyantende na mwenzangu wa Bugarama asifanye hivyo, bakteria haitaangalia bendera. Ugonjwa huu peke yake ulitosha kuwa sababu ya nchi zetu kukaa kwenye meza moja kila mwaka, mabalozi wakiwepo au wasiwepo.

Ndiyo maana niliposoma tangazo la Washington la tarehe 1 Agosti 2025 juu ya misingi ya ule mpango wa kiuchumi, nilisimama kwenye orodha yake. Maeneo yaliyotajwa ni matano: nishati, miundombinu, mnyororo wa madini, mbuga za wanyama, afya ya watu. Kilimo hakikupewa jina lake. Katika kanda ambapo watu wengi wanakula kwa jembe, wanasomesha kwa jembe, wanalipa hata hospitali kwa jembe, sokwe wana mstari wao na maharagi hayana.

Simlaumu Mmarekani. Yeye alisema wazi anachotafuta, na madini hayakufichwa chini ya meza. Msuluhishi kuwa na faida yake si dhambi, hata mzee wa kilima anayesuluhisha mpaka wa shamba anapewa kasiksi. Swali langu liende Kinshasa. Ujumbe wetu ulipokwenda kwenye meza hiyo, ulibeba nini kama ombi letu? Tulijua nini cha kuomba zaidi ya askari watoke? Mwaka 2003 kule Maputo nchi za Afrika, na yetu ndani, ziliahidi kuweka asilimia 10 ya bajeti kwenye kilimo. Nchi isiyotimiza ahadi hiyo nyumbani haiwezi kukumbuka kilimo ikiwa Washington. Sera ya nje inaanzia kwenye bajeti ya ndani.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito: mwenye bunduki hasomi kalenda ya kilimo. Wewe unaleta mambo ya mbegu wakati watu wanakufa.

Najibu hivi. Vita nayo ina kalenda, na inakaa juu ya yetu. Bukavu ilianguka katikati ya Februari 2025. Februari njo mwanzo wa msimu B. Kikundi kimoja cha bamama ninachokifuata hapa Nyantende kilipanda na kuchelewa wiki tatu, wengine hawakupanda kabisa, juu mbegu waliyoiweka ililiwa wakati wa woga, soko lilipofungwa. Msimu uliopotea hauhesabiwi kama msimu mmoja. Hekta moja ya maharagi mafupi inataka kilo 80 mpaka 100 za mbegu. Familia ikila mbegu hiyo Februari, mwezi wa kenda itanunua chochote kilichoko sokoni, kilichochanganyika, chenye magonjwa, na mavuno ya Desemba yatakuwa madogo. Ikifika Februari nyingine mbegu haitoshi tena. Hivyo wiki mbili za bunduki zinakula misimu mitatu. Mtu asiyehesabu hivi ataandika kwamba hali imetulia, na hataelewa kwa nini watoto kwenye kituo cha afya wanaongezeka.

Pia si kweli kwamba watu wanaopigana hawawezi kukubaliana juu ya kitu kidogo. Mwaka 1985 El Salvador ilikuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Serkali na waasi walikubali kusimamisha mapigano kwa siku chache ili watoto wachanjwe. Hawakutambuana, hawakusaini amani, vita iliendelea miaka mingine. Lakini watoto walichanjwa, na mfano huo ulifuatwa baadaye fasi nyingine. Kama chanjo inaweza kupata siku zake, mbegu haiwezi?

Kwa hiyo, badala ya kulia tu, naweka mapendekezo matatu mezani. Myakosoe.

La kwanza ni dirisha la mbegu. Katika kila protokole itakayosainiwa Doha au fasi nyingine, kuwe na kipengele kimoja chenye tarehe: wiki tatu kabla ya msimu A na wiki tatu kabla ya msimu B, mbegu, majembe na watu wa mashamba wapite kila bariera bila kulipa franga na bila kuulizwa wanatoka eneo la nani. Hakuna upande utakaopoteza heshima kwa kukubali hilo.

La pili ni kufungua vya zamani kabla ya kuunda vipya. CEPGL ina mkataba, ina majengo, ina historia. Anzeni na IRAZ, na kazi moja ya kuanzia: magonjwa ya migomba na mihogo kwenye bonde la Ruzizi, mafundi wa nchi tatu wakikutana mara mbili kwa mwaka. Hata kama mabalozi hawako. Hasa kama mabalozi hawako.

La tatu ni kipimo cha sokoni. Kamati ya uangalizi ikikaa, kabla ya ripoti za majenerali isomewe namba nne tu: bei ya guigoz ya maharagi kwenye masoko machache ya mpaka, idadi ya familia zilizopanda, barabara zilizo wazi, na siku ambazo mpaka wa Ruzizi ulifunguliwa. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Mapromosyo yetu yamejaa watu wenye lisanse wanaokaa nyumbani. Tunajua kuhesabu, na tunajua lugha ya mama anayeuza.

Hii haitaondoa bunduki, sijadanganyika. Mkataba mkubwa lazima uwepo, na kudai mipaka yetu iheshimiwe ni haki yetu ambayo hatutaiuza kwa gunia la mbegu. Lakini nchi inayosubiri amani kubwa ndipo ianze kutunza vitu vidogo itakuta vitu vidogo vimekufa siku amani itakapofika. Na amani isiyo na mbegu nyumbani ni njaa yenye saini.

Februari inakaribia, msimu B uko mlangoni. Najua ndani ya chama hiki tuna wakubwa wetu wanaofanya kazi kwenye mawizara, kwenye ma-ONG, wengine wamefika mpaka Kinshasa. Siwaombi mengi. Mukutane na bakubwa wenu kwenye korido, muwaulize swali moja tu: mbegu za msimu huu zitapita barabara gani, na ni nani alisaini kwamba zitapita?